Daftari Limejaa, Lakini Je, Mwanao Anaelewa?

Mama mwenzangu, kama una mtoto anayesoma sekondari, fungua leo daftari lake la Bayolojia au la Jiografia. Yamkini utaona mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa wino mwekundu, na mchoro wa jani au wa ramani umechorwa kwa uangalifu. Moyo wako utafurahi, nawe utamshukuru Mungu kwamba fedha ya madaftari haikupotea bure. Lakini usilifunge bado. Chagua aya moja tu, mwombe mwanao akusomee, kisha akueleze kwa Kiswahili maana yake ni nini. Hapo ndipo wengi wetu hupata fadhaa.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo alimkuta mkuu mmoja wa nchi ya Kushi akisafiri huku akisoma chuo cha nabii Isaya. Filipo hakumsifu kwa kuwa anajua kusoma. Alitaka kwanza kujua kama anaelewa. Na yule mkuu, pamoja na cheo chake, hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Ningependa swali lile liulizwe katika kila nyumba yenye mwanafunzi, na liulizwe kwa upole kama alivyouliza Filipo.

Mimi ni mkazi wa Mchikichini, hapa Ilala, jijini Dar es Salaam. Pamoja na mume wangu tunauza nguo za mitumba za watoto katika soko la Karume. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Binti yetu, wa pili kati ya watoto wanne, aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024 katika shule ya sekondari ya serikali. Nataka kukueleza jinsi wazazi na walimu tulivyokaa na kupanga namna ya kuinua usomaji na uandishi wa wanafunzi wa shule ile, mambo yaliyofaulu na yaliyotushinda, ili nawe uone la kuanza nalo huko uliko.

TATIZO HALIKUANZA JANA

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili kwa miaka saba. Kiingereza kwake ni somo moja kati ya mengine. Akivuka kizingiti cha kidato cha kwanza, mambo hugeuka ghafula: Kemia ni kwa Kiingereza, hata swali la Hisabati huandikwa kwa Kiingereza. Ni machache tu, kama somo la Kiswahili, hubaki katika lugha aliyoizoea. Wiki chache za mwanzo hutengwa kumpa kozi ya kumvusha, lakini wiki chache haziwezi kuziba pengo la miaka saba.

Wataalamu wamelisema jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa taarifa yao juu ya Kiingereza katika shule zetu, wakaeleza wazi kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kujifunzia masomo mengine. Baada ya taarifa ile ukaja mradi ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza, ambao ulipeleka katika shule za sekondari vitabu vyepesi vya hadithi ili wanafunzi wasome wenyewe. Wahadhiri wetu, kama Dk. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameandika miaka mingi wakieleza jinsi lugha ya kufundishia inavyomzuia mwanafunzi kuelewa na kujieleza. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wanaomaliza darasa la saba hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba mmoja kati ya watano hawezi hata hadithi ya Kiswahili ya kiwango hicho.

Wengi mnakumbuka pia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani karibu 6 katika kila 10, walipata daraja sifuri. Nchi nzima ilishtuka, na baadaye matokeo yale yalifutwa na kupangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi. Lakini mama yeyote anayeuliza atagundua kwamba mtoto asiyeelewa swali hawezi kulijibu, hata kama jibu lenyewe limo kichwani mwake.

Mimi sikuyasoma mambo haya yote kabla. Niliyasikia kutoka kwa mwalimu wa Kiingereza wa binti yangu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, siku alipotuita wazazi wa kidato cha kwanza.

ALIPIMA KWANZA

Mwalimu huyu alikuwa ametumia wiki mbili kumwita kila mwanafunzi mezani kwake, mmoja mmoja. Alimpa aya fupi ya Kiingereza aisome kwa sauti, kisha amweleze kwa Kiswahili alichosoma. Halafu akampa aya ya Kiswahili. Mwisho akamwambia aandike sentensi tano kuhusu nyumbani kwao, kwa lugha yoyote aitakayo.

Katika kikao hakutaja jina la mtoto hata mmoja. Alisema watoto wetu ni makundi matatu. Kundi la kwanza, dogo, wanasoma na kuelewa. Kundi la tatu, nalo si kubwa, wanajikwaa hata katika Kiswahili. Hao wanahitaji kurudishwa kwenye silabi bila kuaibishwa. Kundi la pili ndilo kubwa kuliko yote: wanatamka maneno vizuri, wananakili ubaoni bila kukosea, lakini ukiwauliza maana wanatazama chini. Baada ya kikao nilimfuata nikamwuliza juu ya binti yangu. Akaniambia yuko kundi la pili.

Usilipite jambo hili upesi. Kabla ya kupanga lolote, yule mwalimu alipima. Hakusema watoto ni wavivu, wala hakusema wazazi hatujali. Mgonjwa hapewi dawa kabla ya vipimo, na mpango wa shule usioanza kwa kipimo hugawa dawa moja kwa magonjwa matatu.

TUISHENI AU VITABU?

Kikao kilikuwa na maneno makali. Baba mmoja alisimama akasema dawa ni tuisheni. Kila mzazi achange, watoto wabaki shuleni jioni, wafundishwe tena masomo yao. Wengi walipiga makofi. Mwalimu alimjibu kwa heshima, "Baba, tuisheni ni kuongeza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mtoto asiyeelewa lugha asubuhi, hataielewa jioni kwa kuwa umelipia. Kwanza tuzibe tundu."

Mama mmoja anayepika chai na vitumbua karibu na soko akauliza swali lililokuwa mioyoni mwa wengi wetu. "Mwalimu, mimi naamka saa kumi alfajiri. Kiingereza sijui hata salamu. Utaniomba nimsaidie mtoto kitu gani?"

Mwalimu akasema, "Mama, Kiingereza niachie mimi. Wewe nipe masikio yako na nusu saa yako."

Akatueleza kwamba anayejua kusoma kwa kuelewa katika lugha moja, huihamishia akili hiyo katika lugha ya pili. Mtoto anayezoea kusoma hadithi ya Kiswahili na kuisimulia, amekwisha kujifunza kwamba maneno yaliyoandikwa yana mtu anayesema ndani yake. Akifika kwenye Kiingereza atatafuta maana, hataridhika na kutamka tu. Kwa hiyo mama asiyejua Kiingereza hana sababu ya kukaa pembeni. Lugha aliyo nayo ndiyo msingi wa nyumba.

Akatupa mfano wa mbali. Mwaka 1980 na 1981, katika visiwa vya Fiji kwenye Bahari ya Pasifiki, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 kwa kila darasa katika baadhi ya shule za vijijini, kwa watoto ambao Kiingereza kwao ni lugha ya kigeni kama kilivyo kwa wetu. Walimu waliwapa dakika 20 hadi 30 kila siku za kusoma. Baada ya mwaka wa kwanza, watoto wale walikuwa wamesonga mbele katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Hawakuongezewa tuisheni. Waliongezewa vitabu, na muda wa kuvisoma.

MPANGO WENYEWE

Mwishowe mkuu wa shule, walimu na wazazi tuliafikiana mambo matano. Nayaeleza moja moja kwa kuwa hayahitaji fedha nyingi, na shule yoyote inaweza kuyajaribu.

1. Dakika 30 za kusoma kila siku. Tulichagua saa baada ya mapumziko, kwa sababu asubuhi wapo watoto wanaochelewa kwa shida ya daladala, na jioni wamechoka. Kengele ikilia kila mmoja anasoma kimya, na mwalimu aliyemo darasani naye anasoma. Hasahihishi madaftari wala hapigi simu. Watoto huiga wanachokiona.

2. Tranka la vitabu katika kila mkondo. Shule haina chumba cha maktaba. Mara nyingi vitabu vichache vilivyopo shuleni hufungiwa kabatini kwa hofu ya kupotea, na hapo ni sawa na kutokuwapo. Tukanunua matranka ya bati yenye kufuli, tukachagua wanafunzi wawili kuwa watunzaji, na daftari la kuazimia. Tulikubaliana mapema kwamba vitabu kadhaa vitachakaa na vingine vitapotea. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara.

Vitabu tulivipata vipi? Kila mzazi aliombwa kitabu kimoja, cha Kiswahili au cha Kiingereza. Sisi wa Karume na Kariakoo tunajua kutafuta. Kando ya barabara kuna wauzaji wa vitabu vya mitumba, na ukinunua vingi kwa pamoja unapunguziwa. Baadhi ya akina mama wa kanisani walichanga, na majirani zetu Waislamu nao walileta vyao, kwa maana mtoto wa jirani ni mtoto wetu. Mwalimu alitushauri tusilete vitabu vigumu vya watu wazima kwa kujionyesha. Vitabu vyepesi vya hadithi ndivyo humvuta mtoto. Kwa Kiswahili kilichogombaniwa sana kilikuwa Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, kwa sababu kinasimulia watoto wa jiji hili hili na taabu wanazozijua.

3. Ukurasa mmoja wa kuandika kila wiki. Hapa walimu walilalamika, na walikuwa na haki. Darasa lina wanafunzi wengi. Nani atasahihisha madaftari hayo yote? Tukapata njia. Kila wiki mwalimu husahihisha safu moja tu ya madawati, na safu nyingine wanasomeana wawili wawili. Tena, hasahihishi kila kosa. Wiki hii anatazama vitenzi vya wakati uliopita. Wiki ijayo herufi kubwa na nukta. Daftari linalorudi limejaa wino mwekundu humkatisha mtoto tamaa, asitake kuandika tena.

4. Maneno matano katika kila somo. Mwalimu wa Bayolojia, wa Jiografia na wa Fizikia, kila mmoja huandika pembeni mwa ubao maneno matano mapya ya siku ile, akayaeleza, na wanafunzi wakayatumia katika sentensi zao kabla ya kutoka. Awali baadhi ya walimu walisema kufundisha Kiingereza si kazi yao. Mkuu wa shule aliwajibu kwamba mtihani wa Bayolojia haumwulizi mtoto kama neno ni la Kiingereza au la Bayolojia.

5. Nusu saa ya nyumbani. Hii ndiyo sehemu yetu wazazi. Mtoto amsomee mtu mzima ukurasa mmoja, kwa lugha yoyote, kisha asimulie. Kama amesoma kwa Kiingereza, asimulie kwa Kiswahili. Mzazi aulize maswali matatu tu: Nani? Alifanya nini? Kwa nini?

NUSU SAA INAPATIKANA WAPI?

Karatasini, nusu saa ni jambo dogo. Lakini wewe mama unayeishi Mchikichini unajua. Tunakaa chumba na sebule katika nyumba ya wapangaji wengi. Jirani mmoja anapiga muziki, mwingine ana redio ya mpira, uani kuna wanaofua na wanaokaanga samaki. Sokoni tunafunga jioni, na tukirudi tunabeba uchovu wa siku nzima. Na kazi za nyumbani huangukia nani? Humwangukia binti. Kaka yake akirudi shuleni anatoka kwenda kucheza mpira; yeye anachota maji, anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, anakwenda dukani mara tatu. Anapopata nafasi ya kushika kitabu ni saa nne za usiku, macho yanafumba.

Basi, tulipofika nyumbani baada ya kikao, nilizungumza na mume wangu. Sikuongea kwa kumlaumu mtu. Nilimwambia kwamba nusu saa ya binti haitashuka kutoka mbinguni. Itatoka kwenye mikono ya wengine. Tukagawana upya. Kijana wetu wa kiume akapewa vyombo vya jioni. Alinung'unika siku tatu, wenzake wakamcheka, baadaye akazoea. Maji yanachotwa kabla ya saa kumi na moja. Na baada ya kula, kabla ya televisheni kuwashwa, binti anakaa kibarazani na bibi yake, mama wa mume wangu, anayeishi nasi.

Mama mkwe wangu hajui kusoma. Lakini ni msikilizaji hodari kuliko sote. Binti akiruka sentensi, anamkatiza, "Hebu rudia hapo mjukuu wangu, huyu mtu ametokea wapi?" Binti anarudi nyuma, anatafuta, anakuta kweli ameruka. Bibi asiyejua herufi moja amemfundisha mjukuu wake kusoma kwa kuelewa. Siku za kwanza hadithi zilikuwa za Kiswahili. Baada ya miezi miwili akaanza kuleta za Kiingereza zilizo nyepesi na kumtafsiria bibi. Pale asipojua neno, bibi anamwambia, "Kaliulize kesho," naye analiandika.

Jumamosi moja kwa mwezi huenda na wenzake Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Maktaba ile ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na kutoka kwetu si safari ndefu. Wengi tumepita mbele yake mara nyingi tukienda mjini bila kukumbuka kwamba watoto wetu wana haki ya kuketi ndani. Kama nyumba yako haina utulivu, pale upo.

UKURASA ULIONYAMAZISHA NYUMBA

Sasa nikueleze jambo lililonifanya niamini kwamba kuandika si somo la kupatia alama peke yake.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, soko letu la Karume liliungua. Walioishi Dar es Salaam wanakumbuka. Wafanyabiashara wengi walipoteza kila kitu, nasi tulikuwa miongoni mwao. Marobota mawili tuliyokuwa tumeyafungua wiki ile, pamoja na meza na banda, vyote viliteketea. Binti yetu alikuwa darasa la sita. Tulihangaika kuanza upya, tukakopa, tukasaidiwa, tukasimama tena polepole. Watoto hatukuwasikia wakisema lolote, nasi tulidhani wamesahau. Ndivyo tunavyosema siku zote: mtoto husahau.

Katika muhula wa pili wa mpango wetu, mwalimu aliwapa kichwa cha habari: siku ambayo sitaisahau. Waandike kwanza kwa Kiswahili, kisha wachague sentensi chache waziandike kwa Kiingereza. Binti aliandika ukurasa na nusu. Jioni ile alimsomea bibi yake, nasi tulikuwa ndani tukisikia.

Aliandika kwamba asubuhi ile alimfuata baba yake hadi sokoni bila sisi kujua. Alimwona amesimama kwenye majivu, ameshika funguo za banda mkononi, na banda halikuwapo. Aliandika kwamba alirudi nyumbani akaamua kutoomba tena daftari, kwa kuwa alifikiri akiomba ataachishwa shule. Akawa anaandika kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya zamani, na mwalimu alipomwuliza alisema ameyasahau nyumbani.

Hakuna aliyesema neno. Mume wangu alitoka, akakaa kibarazani karibu naye, akamwomba asome tena. Akasoma tena. Kisha baba yake akamwambia, "Wewe hutaachishwa shule, mwanangu. Daftari likiisha, niambie mimi." Maneno hayo yalichelewa zaidi ya miaka miwili, kwa kuwa hapakuwa na njia ya swali kutufikia. Ukurasa ule ndio ulioleta.

Kwa Kiingereza aliandika sentensi nane fupi. Mwalimu alisahihisha vitenzi vitatu, akaweka alama ya vema pembeni mwa sentensi ya funguo. Hakuandika zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile binti hakusukumwa tena kuandika.

YALIYOTUSHINDA

Nisikudanganye kwamba mambo yote yalinyooka. Vitabu kadhaa vimepotea, na tranka moja lilivunjwa kufuli. Wapo wazazi waliokuja kikao cha kwanza wasionekane tena. Watoto wa kundi la tatu wanakwenda polepole sana. Mwalimu mmoja peke yake hawatoshi, na msichana mmoja wa mtaa wetu alikaribia kuacha shule kwa aibu kabla bibi mmoja mwalimu mstaafu hajajitolea kumfundisha silabi nyumbani kwake, mbali na macho ya wenzake. Sasa anasoma Kiswahili bila kujikwaa. Kiingereza bado ni mlima.

Kisha yule mwalimu wetu akahamishwa kwenda mkoa mwingine. Siku alipoaga, wanafunzi walilia, nasi wazazi tuliogopa kwamba kila kitu kitakwenda naye. Hakikwenda. Tulikuwa tumeuandika mpango katika kumbukumbu za kikao, saa ya kusoma ilikuwa katika ratiba ya shule, na kila tranka lilikuwa na mtunzaji wake. Mwalimu mpya alipokuja alikuta njia imekwisha kulimwa. Hili ni funzo kubwa kwa kila mpango wa shule: usiufunge kwa mtu mmoja, hata akiwa mwema kiasi gani, wala kwa mfadhili mmoja. Mradi una mwisho wake. Ratiba ya shule hurudi kila Januari.

Na lipo jambo ambalo halimo katika uwezo wa kikao cha wazazi. Mjadala wa lugha gani itumike kufundishia sekondari unaendelea tangu tukiwa wasichana, nao utaamuliwa na wakubwa. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kusubiri uamuzi huo. Kiingereza ndicho lugha ya masomo yake na ya mitihani yake sasa. Hatuna budi kumsaidia kwa hali iliyopo, huku tukikilinda Kiswahili chake, kwa maana ndicho ngazi anayopandia.

UKITAKA KUANZA

Mzazi mwenzangu, usingoje kuitwa. Nenda shuleni, mwone mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma kwa heshima, umwulize maswali haya: Je, watoto wamepimwa kusoma kwa kuelewa? Je, ratiba ina muda wa kusoma vitabu? Je, vitabu vilivyopo vinafika mikononi mwao? Je, wanaandika mawazo yao wenyewe, au wananakili ubaoni tu? Nenda na wazazi wengine wawili au watatu. Mkono mmoja haulei mwana. Tena nenda na kitu mkononi: kitabu kimoja, au ahadi ya kufuli la tranka. Mwalimu anayelemewa na darasa kubwa hapendi mtu wa kuja kulaumu, lakini humpokea anayekuja kubeba mzigo naye.

Nyumbani, gawa kazi upya. Kama una binti, hesabu mikono yake inashika nini tangu atoke shuleni hadi alale, halafu hesabu ya kaka yake. Usiogope kicheko cha majirani kwa sababu ya kijana anayeosha vyombo. Zima televisheni nusu saa. Keti. Kama hujui Kiingereza, usijidharau, wala usimwache mtoto akudharau. Muulize nani, alifanya nini, kwa nini. Akikosa jibu usimkemee; mwambie arudi nyuma asome tena.

Binti yetu alipoingia kidato cha pili mwaka 2025, alikuwa hajawa wa kwanza darasani, nasi hatukumdai hivyo. Lakini anaposoma swali la Jiografia, hutuambia swali linataka nini kabla hajaanza kujibu. Kwetu sisi hilo ni badiliko kubwa. Juzi nimemkuta akimfundisha mdogo wake, aliye darasa la nne, kusimulia hadithi, akimwuliza kwa sauti ya bibi yao, "Hebu rudia hapo, huyu mtu ametokea wapi?"